Hii bombe ni ya nani? Jinsi ya kutambua silaha kwa kuangalia mabaki yake

Mwanzoni mwa 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, mashariki mwa Kongo, dada mmoja wa kule alinitumia picha WhatsApp. Chuma kimejikunja kama bati lililong'olewa na upepo, kimelala pembeni ya jiwe la volkano, alafu chini kaandika, kaka, hii bombe ni ya nani? Kule kila kinachoanguka kikalipuka ni bombe, kama sisi huku Dar kila kitu ni bomu tu. Nikamjibu ya nani sijui dada, ila nipe siku mbili ntakwambia ni nini.

Hayo ni maswali mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya, yani mtu anaona kipande cha chuma dakika tano ashamjua aliyepiga, kiongozi aliyeamuru na nchi iliyouza. Mwongozo huu ni wa hilo swali la pili, ni nini. Hilo la kwanza tutaligusa mbele na utaona kwa nini ni gumu.

Nani atauhitaji? Mwandishi wa habari, mtu wa haki za binadamu, mtu wa kujitolea anayechambua picha za mtandaoni kama mimi, au wewe tu una ndugu Kivu au Sudan anakutumia picha usiku anauliza. Kama uko Dar ulishapitia Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la jeshi linalipuka na vyuma vinadondoka mitaani, unajua hii sio habari ya mbali. Kuna jirani yetu mmoja aliokota kipande akakiweka sebuleni juu ya kabati la tivii kama kombe la mpira. Mpaka leo nikikumbuka nachoka.

Kwaiyo tunaanzia hapo hapo.

Hatua ya kwanza: usiguse

Najua unaona ni maneno ya kila siku, ila soma hii sehemu mara mbili. Mabaki yapo ya namna mbili, yale ya kitu kilicholipuka kikaisha na yale ya kitu kilichogoma kulipuka, na kwa macho ya kawaida huwezi kuyatofautisha, hata walioyasomea wanakosea. Roketi inaweza kuchimbia kichwa chini ukaona mkia peke yake ukadhani ni kopo, kumbe baruti yote iko palepale na fyuzi, kile kiwashio chake, ishaamshwa, imebaki kusukumwa tu. Kitu kilichopigwa kikagoma ni cha hatari kuliko kile ambacho hakijawahi kutoka kwenye boksi.

Mabomu ya mtawanyiko ndo mabaya zaidi. Bomu moja kubwa linafunguka angani linamwaga vidogo vingi, vingine haviripuki, vinakaa kwenye majani miaka na miaka. Vingine vina utepe mkiani, vingine ni vya mviringo kama mpira, mtoto lazima avutiwe. Ukiona kimoja jua viko vingine, simama, geuka, rudi kwa nyayo zako ulizojia.

Fosforasi nyeupe nayo ina tabia yake. Vipande vyake vinaweza kuonekana vimezima kabisa, ukivisukuma kwa mguu ile ngozi ya juu ikapasuka na hewa ikaingia vinawaka upya. Kwenye makombora ya Kimarekani ya milimita 155 aina ya M825A1 kuna vipande 116 vya kitambaa kizito vilivyolowekwa fosforasi na vinatawanyika eneo kubwa, ukivikuta chini vinafanana na vipande vya zulia lililoungua.

Na Wakenya msijione mko mbali. Kule Samburu na Laikipia wafugaji na watoto wao wameumizwa miaka mingi na mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi vya jeshi la Uingereza, mpaka 2002 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200. Hapo hapakuwa na vita, ni mazoezi tu.

Kwaiyo sheria ni hizi. Usisogee, usiguse, usigeuze ili uone maandishi ya chini, usimwagie maji kuosha tope, usibebe kumpelekea mtu wa chuma chakavu, na ukishapiga picha toa taarifa kwa wategua mabomu, kwa Kongo ni UNMAS, kitengo cha Umoja wa Mataifa cha mabomu, au mamlaka iliyopo pale ulipo. Weka alama ya kuonekana kwa mbali ili watoto wasipite. Wale panya wa shirika la APOPO wanaofundishwa pale Morogoro wanasoma kama miezi 9 kabla hawajapelekwa kunusa mabomu, sasa wewe unataka ujifunze leo leo kwa kijiti?

Hatua ya pili: picha

Apa ndo watu wanaharibu kazi. Picha nyingi ninazoletewa zimepigwa moja tu, imekatwa, ina emoji ya kulia, imeshapita magrupu kumi na haina hata kitu cha kulinganisha ukubwa.

Simama mbali, tumia zumu ya simu. Piga ya mbali kwanza inayoonyesha kipande pamoja na mazingira, ukuta, mti, mlingoti wa umeme, kilima kule nyuma, maana hizo ndo zitakuja kuthibitisha kwamba picha kweli imepigwa pale unaposema. Alafu vuta zumu taratibu. Kama kuna njia salama ambayo watu wameshapita zunguka upande wa pili, kama haipo acha, upande mmoja unatosha. Piga hata video fupi, mara nyingi kwenye video mwanga unabadilika kidogo na herufi ambazo picha imezificha zinajitokeza.

Ukubwa ni kila kitu. Roketi ya milimita 107 na ya milimita 122 kwenye picha isiyo na kipimo ni kitu kimoja, hapo nimewahi kuumbuka vibaya, ntakwambia mbele. Rula huwezi kwenda kuiweka, tushakubaliana hatusogei, kwaiyo tumia kilichopo tayari: tofali, kandambili iliyoachwa, chupa ya maji, tairi. Wategua mabomu wakishasafisha eneo ndo omba upige tena na rula pembeni, hao kwa kawaida hawana noma, wenyewe wanapima.

Piga na shimo. Shimo la bomu la ndege na mkwaruzo wa mota (sio injini, ni lile bomu linalorushwa juu kwa bomba) kwenye lami ni vitu viwili tofauti kabisa, na shimo halibebeki kama chuma kinavyobebeka. Nimeona vipande vilivyookotwa kijiji kimoja vikapigwa picha kijiji kingine, sio lazima kwa nia mbaya, watu wanakusanya tu vyuma wanavipanga mezani kwa mwenyekiti alafu mwandishi akija anapiga picha meza nzima. Meza haina ushahidi mwingi. Ardhi ndo inao.

Ukituma, usitume kama picha ya WhatsApp, inabanwa na inafutwa zile taarifa za ndani za saa na mahali. Tuma kama dokumenti. Na ya asili ibaki bila kuguswa, usiizungushie duara jekundu, fanya nakala ndo uchorechore.

Jambo ambalo watu wa mezani kama mimi tunalisahau ni kwamba aliyepiga picha yuko kwenye barabara yenye vizuizi na simu yake inaweza kukaguliwa. Yule dada wa Goma nilimwambia tuma, hakikisha imefika, alafu futa kwenye simu na kwenye kile kikapu cha vilivyofutwa. Hakuna kipande cha chuma kinachostahili mtu akamatwe. Na wewe ukija kuchapisha ziba sura, kivuli chake kama kimeonekana, na mahali paandike kwa ukubwa wa mtaa, sio mlango wa nyumba.

Hatua ya tatu: ni silaha kweli?

Usicheke. Mara moja nimetumiwa kombora nikakaa nalo masaa matatu kumbe ni shokapu ya gari. Vita vikipita mahali vinaacha vyuma vya kila aina, pampu za maji, mitungi ya gesi, silensa, vyote vimeungua, vyote vimepasuka. Kabla hujafungua chochote jiulize hiki kingekuwa na kazi gani kama kusingekuwa na vita.

Alafu jiulize kama ni kitu kilichopigwa au kilichobaki huku nyuma kwa mpigaji. Ganda la risasi linabaki alipo aliyefyatua, risasi yenyewe iko kwa aliyepigwa. Mrija wa kubebea kombora na boksi la mbao ni vya upande wa mpigaji. Na usiyadharau maboksi! Boksi moja lenye maandishi safi lina habari kuliko kilo 20 za vipande, mara nyingi lina aina, loti (yani fungu la kiwandani), mwaka na idadi vyote pamoja.

Hatua ya nne: ukoo wake

Usianze na jina, anza na ukoo. Ni kombora la mzinga, ni mota, ni roketi, ni bomu la ndege, ni kombora la kuongozwa au ni droni? Kila ukoo una kiungo ambacho hakifi kwenye mlipuko, na hicho ndo tunachokitafuta. Mbele inalipuka, nyuma inasalimika, kwaiyo karibu kila mara unachopata ni mkia.

Mota. Tafuta mkia wenye mapezi mafupi yamezunguka bomba dogo lenye matundu, hayo matundu ndo moto wa kurushia unapotokea. Mkia huo unabaki karibu mzima, saa nyingine umejikita katikati ya shimo. Vipenyo vya kawaida ni milimita 60, 81, 82 na 120. Nchi za NATO zinatumia 81, Mrusi na Mchina 82, na tofauti ni milimita moja kwaiyo mtu akikwambia ameipima kwenye picha na ni 82 sio 81 mwambie akalale. Unazitofautisha kwa idadi na umbo la mapezi na maandishi. Mota hizi hizi ndo zimewaua na vijana wetu, Aprili 2024 lilianguka moja karibu na kambi ya wanajeshi wa SADC mashariki mwa Kongo, Watanzania 3 wakafariki.

Kombora la mzinga. Halina mapezi, linazunguka lenyewe. Tafuta pete ya shaba, ule mkanda mwekundu mwekundu karibu na kitako. Kama pete ina michirizo ya kulala upande basi limeshapita kwenye mtutu, limepigwa. Pete ikiwa laini haijapita kwenye mtutu wowote, labda ghala limelipuka au mtu kaliacha, na hiyo inabadilisha hadithi yote. Vipande vyake ni chuma kinene, kingo kali kama wembe, vina mkunjo kidogo, na kwa huo mkunjo unaweza kukisia kipenyo. 105 na 155 ni familia ya NATO, 122, 130 na 152 ya Kisovieti, ingawa siku izi kila mtu anatengeneza kila kitu.

Roketi. Apa nakaa kidogo maana ndo zinazotusumbua Afrika. Geuza akili uangalie kitako, hesabu matundu ya kutolea moto. Roketi ya milimita 107, ile ya asili ya Kichina inayoitwa Type 63, ina matundu 6 yameinamishwa upande ili roketi izunguke, na haina mapezi kabisa, ni fupi, kama sentimita 84. Grad ya milimita 122 ya Kisovieti ina mapezi 4 yaliyopinda yanayojifungua ikitoka kwenye mrija, na kitakoni matundu 7, moja katikati na 6 pembeni. Hiyo ni ndefu, inakaribia mita 3. Ila ziko 122 za nchi nyingine zenye tundu moja kubwa tu, na hilo peke yake tayari linakuondolea nusu ya orodha. Ile ya zamani ya milimita 140, M14, ina matundu 10.

Nilivyoumbuka ni hivi, niliona matundu pembeni, picha haina kipimo, nikahesabu 6 nikasema 107. Lile la katikati lilikuwa limejaa tope! Ilikuwa Grad. Tangu siku hiyo kabla sijahesabu matundu natafuta kwanza bawaba za mapezi.

Bomu la ndege. Likilipuka linabakiza vipande vya chuma kinene na, kama ni la kuongozwa, vifaa vya mkiani au puani, mapezi ya aluminiamu, vyuma vya kuzungusha mapezi, bodi za umeme, nyaya. Kwa Mmarekani mwili wa bomu na kifaa cha kuliongoza ni vitu viwili vinavyofungwa pamoja. Mwili wa MK-82 ni wa pauni 500, yani kilo 227, MK-84 pauni 2,000. Ukiufunga MK-82 kifaa cha satelaiti unaitwa GBU-38, ukiufunga cha leza unaitwa GBU-12. Kwaiyo ukipata pezi tu umetambua kifaa, bado hujajua uzito wa bomu.

Droni. Injini, propela, betri, vipande vya nyuzi za kaboni. Shahed-136 ya Irani, ambayo Mrusi anaiita Geran-2, ina injini ya silinda 4 yenye kelele ya pikipiki iliyochoka, na ile injini mara nyingi inapatikana nzima. Droni ndogo za dukani ni shida, kila mtu anazinunua, zina namba ya mfululizo ya kiwandani lakini hiyo inakupeleka dukani tu.

Na vipande vidogo usivitupe kwenye mawazo. Ndege ya MH17 ilipoangushwa Ukraine tarehe 17 Julai 2014 na watu 298 wakafa, kati ya vitu vilivyosaidia wachunguzi wa Uholanzi ni vijipande vya chuma vyenye umbo kama tai ya kipepeo, vilivyotolewa kwenye mabaki ya chumba cha rubani na miili iliyokuwemo. Umbo hilo liko kwenye kichwa cha 9N314M cha Buk, kombora la Kirusi la kutungulia ndege. Kitu kidogo kuliko ukucha.

Hatua ya tano: maandishi

Andika kila herufi unayoiona, hata nusu. Ambayo huioni weka alama ya kuuliza, usijazie kichwani. Namba ambayo haijasomeka vizuri ukishaijaza mara moja utaiona hivyo hivyo milele.

Kwa vifaa vya Kimarekani na vya washirika wake tafuta namba ya CAGE, ina herufi au tarakimu 5, inamtaja kiwanda. Ziko kwenye rejista ya wazi, unaingiza namba unapata kampuni. Tarehe 9 Agosti 2018 bomu lilipiga basi la watoto wa shule Dahyan, kaskazini mwa Yemen, watoto 40 wakafa, na kwenye picha za vipande kulikuwa na bati la pezi lenye namba 94271, hiyo ni Lockheed Martin, bomu likatambulika ni MK-82 la kuongozwa kwa leza. Rafah kule Gaza hivyo hivyo, usiku wa tarehe 26 Mei 2024 kambi ya mahema iliungua watu 45 wakafa, kipande cha mkia kikaonekana na namba 81873, ambayo ni ya kampuni ya Woodward, umbo la mkia nalo likasema GBU-39, bomu dogo la pauni 250. Angalia kilichofanyika pale: namba peke yake isingetosha. Woodward wanatengeneza vifaa vya mitambo ya aina nyingi. Umbo na namba vilikubaliana, ndo jina likatoka.

Kuna pia namba ya stoo ya NATO, tarakimu 13 zimegawanywa 4, 2, 3 na 4. Zile 4 za mwanzo ni kundi la bidhaa, zikianza na 13 uko kwenye risasi na mabomu, zikianza na 14 uko kwenye makombora ya kuongozwa. Zile 2 zinazofuata ni nchi iliyoisajili: 00 na 01 Marekani, 99 Uingereza, 14 Ufaransa, 12 Ujerumani. Iliyosajili, sio lazima iliyotengeneza.

Vya Kirusi vinakuja na herufi zao na hapo watu wengi wanagonga mwamba. Н yao ni N yetu, Р yao ni R, С yao ni S. Kijibomu cha mtawanyiko kinachoandikwa 9Н235 ni 9N235, ukikitafuta kwa H utazunguka mpaka asubuhi. Kopi herufi ya Kirusi yenyewe uibandike kwenye sehemu ya kutafutia, alafu jaribu na ya kwetu.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni Ghouta, Syria, shambulio la gesi ya sumu ya sarini la tarehe 21 Agosti 2013. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta injini ya roketi yenye matundu 10 kitakoni, kipenyo 140, na maandishi yenye 67 na 179. 67 ni mwaka 1967, 179 ni namba ya kiwanda cha Novosibirsk enzi za Sovieti. Chuma kimetengenezwa kabla babu zetu wengine hawajaona tivii, kimekuja kutumika miaka 46 baadae. Kwaiyo mwaka wa kutengenezwa usiusome kama mwaka wa kuuzwa, na wala usiseme kwa hilo tu Urusi imetuma silaha juzi.

Rangi? Maandishi ya njano kwa NATO kwa kawaida ni baruti kali, bluu ni ya mazoezi. Zisome lakini usiziamini, moto unabadilisha rangi, kutu inabadilisha rangi, na hata ya mazoezi inaweza kuwa na baruti kidogo ya kukutoa vidole.

Hatua ya sita: linganisha

Sasa una ukoo, vipimo vya kukisia na herufi kadhaa, ndo uende kwenye maktaba. Tovuti ya Open Source Munitions Portal ya mashirika ya Airwars na ARES ina picha za mabaki halisi kutoka vitani zilizokaguliwa na wataalamu, na ndo naianza kila mara maana inakuonyesha kitu kikiwa kimeshapasuka, sio kipya kwenye maonyesho ya silaha. Tovuti ya CAT-UXO ni nzuri kwa vipimo na michoro. Vitabu vya zamani vya jeshi la Marekani vilivyoachiwa wazi vina michoro mizuri ajabu ya silaha za Kisovieti. Google Lens na Yandex zijaribu, zinasaidia zaidi kupata kama picha hiyo hiyo ilishatumika nchi nyingine miaka iliyopita, na hilo linatokea kuliko unavyodhani, picha ya Yemen inazungushwa kama ya Kivu.

Hizi programu za akili bandia ukiziuliza zitakupa jina kwa sauti ya uhakika kabisa. Mimi nazitumia kusoma Kirusi na Kichina, jina la silaha siziulizi.

Namna ya kulinganisha ni kuondoa, sio kutafuta kinachofanana. Chukua watahiniwa watano na kwa kila mmoja tafuta kitu kimoja ambacho hakiwezekani awe yeye. Mapezi 6 badala ya 4, anatoka. Skrubu iko mahali pasipo, anatoka. Vipimo kwenye picha vipige kwa uwiano, urefu wa pezi ugawe kwa kipenyo cha bomba, uwiano haudanganyi hata kama huna rula, alimradi picha haikupigwa kwa kuinama sana. Akibaki mmoja una jina. Wakibaki watatu, una majina matatu na ndo uandike hivyo.

Hatua ya saba: eneo na vita vyenyewe

Jina lako linakubaliana na yaliyotokea? Mashuhuda walisikia ndege? Walisikia milio mingi mfululizo kama ngoma, ambayo ndo tabia ya roketi za kurushwa kwenye lori? Shimo lina ukubwa unaoingia akilini? Kama una mkia wa bomu la pauni 2,000 na ukuta wa mita tatu kutoka hapo bado umesimama, kuna kitu hakijakaa sawa, rudi nyuma.

Alafu ndo tunarudi kwa lile swali la dada. Ya nani?

Chukua Mugunga. Tarehe 3 Mei 2024 roketi ziliangukia kambi za wakimbizi wa ndani nje kidogo ya Goma, wakafa zaidi ya watu 10, wengi watoto. Human Rights Watch wakazitaja kuwa ni za milimita 122. Sasa 122 anayo nani pale? Jeshi la Kongo wanazo, Rwanda wanazo, na waasi wanateka vya wengine. Kwaiyo chuma kilitaja jina lake kikanyamaza. Marekani ikasema zimetoka upande wa jeshi la Rwanda na M23, Rwanda ikakanusha, na mabishano yote yakahamia kwenye zimetoka upande gani, yani kwenye mashimo, pembe, umbali na nani alishika kilima gani siku ile. Hiyo ni kazi nyingine na watu wengine. Na Goma ilipoanguka Januari 2025 silaha kibao za jeshi zikaachwa mjini, kwaiyo kuanzia hapo kusema hii ni ya serikali kwa sababu ya namba ya loti imekuwa ngumu maradufu.

Kuna wakati chuma kinasema zaidi, pale silaha inapokuwa adimu. Darfur mwezi Machi 2025 Amnesty walitambua mabaki ya bomu la Kichina la GB50A karibu na al-Malha, lenye alama za kutengenezwa 2024, na hilo bomu linabebwa na droni za Kichina. Orodha ya anayeweza kuwa nalo ni fupi, na mwaka wa juzi juzi unabana zaidi muda ambao limesafiri. Wakaitaja Falme za Kiarabu kwamba karibu kwa hakika ndo zilizolipitisha kwa RSF, wale wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, Falme zikakataa. Ila angalia kwamba hata hapo hawakusema kwa kipande tu, walipanga na nani anaruka na droni zipi eneo lile.

Hatua ya nane: andika

Mimi naandika kwa ngazi. Ngazi ya chini, ni roketi. Juu yake, ni roketi ya milimita 122. Juu yake, ni ya muundo wa Grad, matundu 7, mapezi 4. Juu yake, ni 9M22U ya kiwanda fulani mwaka fulani. Unasimama kwenye ngazi ambayo una kitu cha kuonyesha kwa kidole, na pembeni unaandika kilichokufikisha hapo na kilichokuzuia kupanda. Neno huenda na neno hakika usiyatumie kama chumvi, kila moja liwe na sababu yake. Alafu mpe mtu mwingine picha zile zile bila kumwambia ulichopata, akikuta tofauti msibishane kwa ukubwa wa sauti, rudini kwenye mapezi.

Ile picha ya dada iliishia hivi: kipande cha mwili wa injini ya roketi, kipenyo karibu 122 kwa kulinganisha na tofali la bloku lililokuwa nyuma yake, bawaba mbili za mapezi zinaonekana, kitako kimezama kwenye vumbi la volkano, maandishi hayasomeki, toleo halijulikani. Nikamtumia. Akaniuliza, kaka, ni hiyo tu? Nikamwambia ni hiyo tu, na jirani yako aliyekiburuta mpaka uani kwake mwambie atoe watoto pale, apige simu kwa wategua mabomu, maana kwenye picha yako ya pili, ile ya mbali, mbele ya hicho kipande naona kuna kingine kimesimama ardhini.